Seti ya baharia wa zama za maharamia: chukua nguo, acha vyuma

Anayeanza uigizaji wa historia ya bahari hukutana mapema na seti hizi: mavazi kamili ya baharia wa kati ya 1700 na 1725, kofia mpaka viatu, yakiwa sanduku moja na upanga na bastola. Tuliyoikagua ina vipande 12: shati, kizibao, koti fupi, suruali ya magotini, suruali pana ya turubai ya kuvaa juu yake, soksi ndefu, viatu, kofia ya kufuma, kofia ya pembe tatu, leso ya shingoni, upanga mfupi na bastola ya gumegume isiyopiga. Muuzaji anasema kila kimoja kimenakiliwa kutoka vitu halisi vya zama hizo. Kwa nguo, madai hayo yana ukweli zaidi ya nusu. Kwa silaha hayana hata robo. Jina la muuzaji hatulitaji, kwa kuwa seti za aina hii zinafanana mno na kasoro zake ni zile zile.

Kipimo chetu si sinema. Haramia wa wakati huo alikuwa baharia wa kawaida, mara nyingi aliyetoka kwenye merikebu ya biashara iliyotekwa, na alivaa alichokuwa nacho tangu zamani pamoja na alichopora. Hati nzuri ya kulinganishia ni mkataba wa mwaka 1706 wa jeshi la majini la Uingereza, wa nguo zilizouzwa kwa mabaharia melini na kukatwa kwenye mishahara yao. Mkataba ule unahesabu mpaka vifungo: koti la sufu ya kijivu lenye bitana nyekundu, vifungo 15 vya shaba ya njano na mifuko 2 ya kitani, kwa shilingi 10 na peni 6; kizibao chekundu kisicho na bitana, vifungo 18; suruali nyekundu ya magotini yenye mifuko 3 ya ngozi na vifungo 13 vya bati; shati la kitani la miraba ya buluu na nyeupe; soksi za sufu ya kijivu; viatu vya soli mbili vyenye ncha ya mviringo. Hiyo haikuwa sare. Maofisa wa jeshi lile walipewa sare mwaka 1748, na mabaharia wa kawaida wakasubiri mpaka 1857. Ni orodha ya kilichokuwa kikipatikana, basi.

Kwa sifa yake, seti hii haina kilemba chenye fuvu, hereni wala mshipi mpana wa kitambaa chekundu kiunoni. Mapambo hayo yalienezwa na michoro ya Howard Pyle, Mmarekani aliyefariki mwaka 1911, karibu miaka 200 baada ya maharamia wenyewe kunyongwa.

Kabla ya kuvaa chochote, fanya jaribio la moto. Vuta nyuzi mbili tatu kutoka upindo wa ndani wa kila nguo, zishike kwa kibano juu ya sahani ya udongo, uziwashe. Kitani na pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua na huacha jivu laini. Sufu husinyaa, hunuka nywele zilizoungua, na huzimika yenyewe ukiondoa moto. Poliesta na akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu. Usahihi wa historia ni nusu tu ya sababu. Bastola ya gumegume hutema moto kupitia kitundu cha ubavuni, upande wa kulia, moja kwa moja kwenye mkono wa aliyesimama hapo, na kitambaa kinachoyeyuka hugandamana na ngozi. Hapa shati, leso, kizibao na suruali zote mbili zilifaulu. Koti liliacha jivu lenye chembe ngumu, dalili ya sufu iliyochanganywa. Soksi ni pamba yenye lastiki. Kofia ya kufuma iliyeyuka yote.

Shati ndilo linalobeba seti nzima. Limekatwa ipasavyo, kwa mistatili na miraba mitupu: mkono mpana uliokusanywa kwa marinda madogo begani na kwenye kifundo, na kikwapa cha mraba cha sentimita 14 kila upande. Kikwapa hicho ndicho kinachokuwezesha kuinua mikono yote miwili na kuvuta kamba bila shati kuchomoka kiunoni wala kuchanika. Mpasuo unaishia kifuani, na hakuna kamba za ngozi zilizopitishwa kwenye vishimo vya chuma. Vishimo hivyo ni vya karne ya 19. Urefu unafika katikati ya paja, nao ni sahihi, kwa sababu shati lilikuwa pia nguo ya ndani na ya kulalia. Kitani chenyewe ni cha gramu kama 170 kwa mita mraba, uzito mzuri wa shati la kazi.

Kazi iliyobaki kwenye shati ni ya mikono. Lifue kwanza, kwa maji ya nyuzi 60, kabla hujagusa kifungo hata kimoja, kwani kitambaa hakikufuliwa kabla ya kukatwa na kitapungua sentimita 3 hadi 5 kwa urefu. Mwenye mikono mirefu aagize saizi moja juu. Kisha fungua mishono ya cherehani pale tu inapoonekana: kolani, kwenye vifundo, kwenye mpasuo na upindo wa chini. Ya ndani iache, haimdhuru mtu. Shona upya kwa uzi wa kitani uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, mishono 3 au 4 kwa sentimita. Nta huzuia uzi kusokotana na kukatika ukipita mara nyingi kwenye kitambaa, na hupunguza unyevu kuozesha mshono. Vifungo vya plastiki vya kolani vitupwe, uweke vya uzi: kijiduara cha waya kilichozungushiwa uzi mpaka kikajaa.

Koti lina matatizo makubwa zaidi, ila halistahili kutupwa. La kwanza ni mchanganyiko wa kitambaa, ambao haurekebishiki. Kwa maonyesho ya kutembea na kuzungumza na watu halina neno. Kwenye mstari wa wapiga baruti au karibu na moto wa kupikia, livue. La pili ni mabega. Fundi amelikata kama koti la suti ya leo, tundu la kwapa likiwa pana na limeshuka. Wengi hudhani tundu pana huupa mkono uhuru. Ni kinyume chake. Tundu dogo lililokaa juu, karibu na kwapa, huacha mkono ucheze peke yake. Tundu lililoshuka huuburuza mwili wote wa koti kila unapoinua mkono, na mshono wa mgongoni ndio unaolipa. Makoti ya mwanzoni mwa karne ya 18 yana mgongo mwembamba, mikono iliyopinda kidogo kwenye kiwiko na tundu dogo. Huwezi kulipunguza tundu bila kuongeza kitambaa, kwa hiyo tiba nafuu ni kufungua sentimita 8 za mshono kila upande wa kwapa na kupachika kikwapa cha sufu chenye umbo la almasi, sentimita 10 kwa 14. Chukua sufu tupu ya gramu 400 hadi 500 kwa mita mraba. Robo mita inatosha kwapa zote mbili na mabaka ya baadaye.

La tatu ni vifungo. Koti limekuja na 10, vya bati jembamba lililopakwa rangi ya shaba, na rangi hiyo huanza kubanduka mara tu chumvi inapoigusa. Upande wa mbele una sentimita kama 65, hivyo vifungo 15 vya shaba ya kweli vitakaa kwa nafasi ya sentimita 4.5. Tundu la kifungo usilikate kabla ya kushona. Chora mstari, uzungushie mshono mwembamba wa milimita 2 pande zote, ndipo ukate katikati kwa patasi kali juu ya ubao, kisha zungushia uzi wa rangi ya dhahabu, mafundo yakikaa ukingoni. Ukitumia mkasi, sufu hufumuka kwenye kona na tundu hupanuka kila unapolitumia.

Kizibao kina vifungo 12 badala ya 18 na bitana isiyohitajika. Toa bitana, ongeza vifungo, umemaliza. Leso ya shingoni ni pamba ya miraba, mraba wa sentimita 80, na haihitaji kitu.

Suruali ya magotini imefichiwa lastiki kiunoni kwa nyuma. Lastiki hukusanya kitambaa kwa usawa kote, na suruali inakaa kama ya kulalia. Suruali ya zama hizo ilikuwa na mkanda wa kiuno wenye mpasuo nyuma, wa kukazwa kwa kamba, na makalio mapana yaliyomwagika ili mtu achuchumae. Kwa bahati, kitambaa cha ziada kipo ndani ya mshono: toa lastiki, pasua mkanda sentimita 10 katikati ya mgongo, toboa matundu 2 au 3 kila upande na uyazungushie uzi, pitisha kamba ya kitani. Mifuko ni ya pamba nyepesi na itatobolewa na kisu mapema. Mkataba ulidai ngozi, na sababu yake utaiona.

Suruali pana ya turubai ndiyo kipande kinachotumika zaidi melini, nayo imeshonwa vizuri, kila mguu una upana wa sentimita 55 chini. Kosa lake ni kuwa turubai ya pamba. Ya kitani au katani ndiyo iliyotumika, na pamba ikilowa huwa nzito na huchelewa kukauka. Unaweza kuipaka lami ili isipitishe maji. Changanya lami ya msonobari, mafuta ya kitani yaliyochemshwa na tapentaini kwa kiasi sawa. Weka chombo cha lami ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya mwali, na tapentaini uitie baada ya kuondoa chombo jikoni kabisa. Paka matabaka matatu membamba kwa brashi ngumu, kila tabaka likauke hewani mpaka lisinate. Tabaka nene halikauki ndani. Hubaki linanata na kuchafua kila unachokalia. Na matambara uliyofutia mafuta usiyakunje wala kuyarundika. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na lundo la matambara linaweza kuwaka lenyewe usiku bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja, au uyatumbukize majini.

Viatu vinataka uamuzi. Kwa macho ya mtu aliye hatua tano mbali, ni viatu vya 1715: ngozi nyeusi, ulimi mrefu, mikanda miwili inayokutana kwenye bizimu. Ukivishika, mambo hubadilika. Angalia ukingo wa ngozi uliokatwa: ukiwa na rangi ya kijivu au samawati katikati, ngozi imelainishwa kwa kemikali ya kromu; iliyolainishwa kwa magome ya miti, kama ya kale, huwa ya kahawia mpaka ndani. Hivi ni vya kromu. Kunja ncha ya kiatu kwa nguvu uchungulie kati ya soli na ngozi. Mishono unayoiona pembeni ni pambo tu, haipenyi, soli imegundishwa. Maji ya chumvi na jua huimaliza gundi hiyo, na soli huanza kufunguka kwenye vidole. Kabla hujavivaa hata siku moja, vipeleke kwa fundi viatu apitishe uzi mzito wa nta soli nzima, ndani ya mfereji aliouchimba ili mshono usisuguliwe na sakafu.

Viatu vya zama hizo havikuwa na kulia wala kushoto. Kalibu, yaani umbo la mbao la kushonea kiatu, ilikuwa moja, iliyonyooka, na miguu ndiyo iliyokipa kiatu umbo. Hivi vimepinda kama vya leo, na anayejua ataona. Bizimu nazo ni kubwa mno, sentimita 7, za mtindo wa miaka ya 1770. Za wakati wa maharamia zilikuwa nusu ya hapo. Bizimu zenyewe si ngeni kwa zama za maharamia, maana Samuel Pepys, Mwingereza mwandishi wa shajara, aliandika mwezi Januari 1660 kwamba ndipo alipoanza kuzivaa, lakini ukubwa ule ulikuja baadaye sana. Nunua ndogo za shaba zenye ulimi wa chuma, na ulimi huo uupake mafuta kila baada ya kulowa.

Kwenye sitaha ya mbao iliyolowa, soli ya ngozi huteleza vibaya. Gundisha raba nyembamba ya milimita 2 chini, nyeusi, isionekane pembeni. Misumari ya vichwa ya kupigilia chini ya soli isahau. Hakuna nahodha wa nakala ya merikebu ya kale atakayekuruhusu uitobolee sitaha yake.

Soksi zina lastiki juu, ambayo huacha mstari chini ya goti na kuonekana kila suruali inapopanda. Badala yake tafuta za sufu ya kijivu na uzifunge kwa utepe chini ya goti. Ukitaka kujitanua, hariri nayo inaruhusiwa: katika mabaki ya Whydah, merikebu ya haramia Samuel Bellamy iliyozama karibu na Cape Cod, Marekani, tarehe 26 Aprili 1717 na kupatikana 1984, ilipatikana soksi ya hariri pamoja na kiatu kidogo.

Kofia ya kufuma ni akriliki, itupe. Ya kweli hufumwa kwa sufu kubwa kuliko kichwa kwa theluthi moja, kisha husuguliwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka isinyae na macho ya mfumo yapotee. Hapo ndipo inapozuia upepo na mvua. Akriliki haisinyai hata uisugue mwezi. Hakikisha pia sufu unayonunua haijatiwa dawa ya kuifanya ifuliwe kwa mashine, kwa sababu nayo itagoma. Kofia ya pembe tatu ina utepe wa plastiki wa dhahabu. Ukiung'oa, ukaipitisha kofia kwenye mvuke na kuinamisha kingo upya kwa mkono, itapendeza jua likiwaka. Mvua ya kwanza itailegeza, na shelaki, utomvu wa kukazia kofia, ikipakwa ndani huchelewesha tu. Baharia aliye kazini alivaa kofia ndogo, kwa hiyo hukosi kitu.

Sasa vyuma. Upanga una ubapa wa sentimita 62, unaofaa kwa upanga wa baharini, na hapo ndipo sifa zinapokwisha. Ubapa ni chuma kisichoshika kutu, kigumu lakini chepesi kuvunjika, na mkia wake ndani ya mpini ni fito nyembamba yenye hesi iliyochomelewa. Jaribu hivi: shika mpini, gonga bapa kwa kiganja cha mkono wa pili, usikilize. Ukisikia mlio wa kuchezacheza kwenye mpini, kuna nafasi ndani. Huu ulicheza ukiwa mpya. Upanga wa namna hii hukatikia pale ubapa unapoingia kwenye kikinga mkono, na kinachoruka ni ubapa mzima, kuelekea watazamaji. Upanga wa kuigizia mapigano unatakiwa uwe wa chuma cha springi kilichopikwa, mkia mpana wa kipande kimoja na ubapa unaofika mwisho wa mpini, makali butu yasiyopungua milimita 2, na ncha ya mviringo. Ukiupinda sentimita 5 kwenye ncha, unarudi umenyooka. Kila baada ya mazoezi pitisha kidole chenye glavu kwenye makali. Palipong'atwa pasawazishwe kwa tupa, vinginevyo kidonda kidogo cha chuma huwa mwanzo wa ufa. Huu wa sandukuni ning'iniza ukutani.

Bastola haipigi, na ni heri, kwa kuwa imeyeyushwa kutoka madini mepesi na bamba la kugongewa jiwe halijakomazwa, hivyo halitoi cheche yoyote. Umbo lake pia ni la mwishoni mwa karne ya 18. Kama pambo inafaa. Usiichomeke kwenye mshipi tu. Haramia Bartholomew Roberts, aliyeuawa karibu na Cape Lopez tarehe 10 Februari 1722, alielezwa kuwa aliingia vitani bastola zikining'inia kwenye utepe wa hariri begani. Mita 2.5 za utepe wa upana wa sentimita 5 zitakupa mwonekano huo kwa gharama ndogo kuliko kitu kingine chochote hapa. Anayetaka inayopiga atafute ya kweli kwa kufuata sheria za alipo, asiweke risasi kamwe, na apakie baruti kutoka vifurushi vya karatasi vilivyopimwa, si kutoka chupa: cheche iliyobaki ndani ya mtutu ikikutana na chupa iliyojaa, mkono haubaki.

Kwa sherehe kama ya Hastings, Uingereza, ambako tarehe 22 Julai 2012 walikusanyika watu 14,231 waliovaa kiharamia, seti hii ilivyo inatosha na kubaki. Vivyo hivyo sherehe ya Gasparilla ya Tampa, Marekani, iliyoanza 1904 kwa heshima ya haramia ambaye pengine hakuwahi kuishi. Kwenye kikundi kinachokagua mavazi mlangoni, nguo zitapita baada ya marekebisho yaliyotajwa, viatu vitategemea ukali wa mkaguzi, na silaha zitabaki garini.

Muuzaji huuza pia kipande kimoja kimoja, na hiyo ndiyo njia ya busara: shati, kizibao, leso, suruali mbili. Pima kifua ukiwa umevaa shati nene, uongeze sentimita 10 kwa ajili ya kizibao. Kiuno pima juu ya kitovu, maana suruali hizi hukaa hapo na si nyongani. Jaribu kila kitu kikiwa kikavu kabla hujakifua, kwani kilichofuliwa hakirudishwi.